Anjelika ya Symphorien

Mume wangu Symphorien Nzabandora alikuwa mtunza bustani wa masista, na katika Burungu nzima hapakuwa na mwanamume aliyependa udongo kama yeye, wala aliyebana maneno kama yeye. Mimi, Nyiramana, nilisema kwa niaba yetu sote wawili. Watu walituita Papa Hélène na Mama Hélène kwa jina la binti yetu wa kwanza, na wakitaka habari za nyumba yetu waliniuliza mimi. Yeye angewaonyesha kabichi.

Mwaka wa 1951 Masœur Adelaïde, mtawa mzee aliyesimamia bustani ile, alipata barua kutoka kwao Ubelgiji, na ndani yake bahasha ya mbegu bapa, nyepesi mno. Alimgawia Symphorien nusu. Alimweleza kwamba mmea huo unaitwa anjelika, kwamba kwao hupandwa uani kwa ajili ya uzuri tu, na kwamba ukichanua nyuki huacha maua mengine yote wakaujia. Alimwonya pia asiziweke, maana mbegu hizo zikikaa sana hufa. Symphorien akaja nyumbani siku hiyohiyo, akachagua mahali penye unyevu kuliko pote katika kiwanja chetu, kando ya mfereji. Hapo palikuwa na magimbi yangu, yale tunayoyaita mateke.

Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika kidogo. Aling'oa mashina sita ya mateke mazuri kabisa, akalainisha udongo, akamwaga mbegu zake juu na kuzigandamiza kwa kiganja. Kisha akanawa mikono.

“Haufunike?” nikamwuliza.

“Masœur anasema hii mbegu inapendaka mwangaza.”

“Basi ndege njo watakula yote.”

Ndege hawakuzila, lakini nyingi zilikuwa zimekwisha kufa njiani. Ilichipua miche mitatu. Konokono wakala miwili, na ule mmoja uliobaki Symphorien akauzungushia majivu, akawa anaamkia kwake kabla ya kuja kuniamkia mimi. Mwaka ule ulitoa majani tu. Mwaka uliofuata ukatoa majani makubwa zaidi, yenye harufu nzuri, sikatai, lakini yalikuwa majani tu. Haukuwa mboga, haukuwa chakula cha ng'ombe. Majirani wakaanza kuniuliza kama mume wangu ana akili timamu, na mimi nikawatetea kwa nguvu kuliko nilivyoamini.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Munganga wa dispansere, yaani daktari wa zahanati yetu, aliyatazama, akasema hana dawa ya kuyarudisha, yataendelea kufifia mpaka yazime. Symphorien akawa na haja moja tu duniani: kuliona ua la anjelika kabla hayajazima. Haya niliyajua baadaye. Alimwambia Masœur, hakuniambia mimi mkewe. Mimi aliniambia maharage yameiva vizuri.

Mwaka wa 1953 dada yake alifiwa na mume huko Kalembe, na Symphorien akaenda kwenye matanga akakaa siku kumi. Alipokuwa huko mmea ukasimamisha shina nene, na juu yake fundo la maua lililofungwa kwenye ganda la kijani. Nikaliangalia. Sasa, mimi nilikuwa mkulima wa tumbaku, tena hodari. Kwetu kila anayelima tumbaku nyuma ya nyumba anajua kwamba ikianza kutoa ua unalikata mara moja, kabla halijafunguka, ili nguvu zote zirudi kwenye majani. Ukiliacha, majani yanakuwa membamba na watu wanakucheka. Na ule mmea wa Symphorien, kila Masœur alipopita kwetu alichuma jani moja akaenda kulitia kwenye chai yake. Nikasema kumbe ni mmea wa majani, na mwenyewe hayupo, na nikiuacha utaharibika. Nikachukua kisu.

Nataka mjue kwamba nilifanya kwa upendo. Miaka miwili nilikuwa nimeununia mmea ule, na siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyoutendea wema.

Symphorien alirudi jioni, na kabla hajaweka mzigo chini akaenda mferejini. Nilimwona akichuchumaa, akipapasa shina kwa vidole, akipanda juu polepole mpaka kwenye kikomo. Mabega yake yaliniambia kwamba nimefanya kosa kubwa, ingawa sikujua ni kosa gani.

“Ni nini ilikata?” akauliza.

“Mbuzi ya Sebarenzi,” nikasema.

“Aa,” akasema. “Mbuzi.”

Sebarenzi ni jirani yetu wa juu kidogo, mtu mpole. Habari za mbuzi wake zilipomfikia, kwa sababu mimi tena sikujua kunyamaza, alikuja kuomba radhi na kikapu cha maharage. Nikayapika, tukala.

Jumapili Masœur Adelaïde alikuja kuuona mmea, na hapo, nikiwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, ndipo nilipousikia ukweli wote.

“Nilitaka kuona maua mbele macho ifunge,” Symphorien alimwambia. “Mwaka huu ningeona bado.”

“Usikate tamaa, Papa Symphorien,” Masœur akamwambia. “Hii mumea ikishachanua njo inakufaka. Ikikatwa mbele ya kuchanua, inabaki. Mwaka kesho itajaribu tena.”

Mwaka kesho. Nilirudi jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Tangu siku ile nilikuwa mtumwa wa anjelika. Mateke yaliyobaki niliyang'oa mwenyewe ili upate nafasi. Niliuletea samadi, nikaumwagilia kiangazi chote, nikapigana na konokono. Kila asubuhi niliutazama mmea, kisha nikayatazama macho ya mume wangu, nikiomba Mungu ule ukimbie na haya yachelewe. Kufika Noeli aliwatambua watoto kwa sauti. Kufika Pasaka ya 1954 aliweza kutofautisha mchana na usiku, basi. Masista walimwacha aendelee na kazi, maana vidole vyake vilijua bustani ile. Shina la anjelika lilianza kupanda wiki mbili baada ya Pasaka.

Lilichanua mwezi wa sita, refu kunipita mimi. Nililiona alfajiri nikitoka kuchota maji, na sikumwambia kitu. Ningesema nini? Nikaingia kupika uji, nikajifanya nina kazi nyingi. Jua lilipopanda nikasikia fimbo yake ikigonga mawe kuelekea mferejini. Nikamfuata.

Alikuwa amesimama karibu kabisa, ameinamisha kichwa. Nyuki walikuwa wamefika. Walikuwa wengi sana, na nzi wale wembamba wa maua, na nyigu, wote wanavuma pamoja, na yeye alikuwa anatabasamu.

“Mama Hélène,” akasema, “tangu lini imechanua?”

“Leo.” Kisha nikaona siwezi tena. “Papa Hélène, ile mwaka ingine, haikukuwa mbuzi. Ni mimi njo nilikata. Nilizania iko sawa tumbaku. Nimekuibia macho yako, na nilisema uongo.”

Hakugeuka.

“Nilijua,” akasema. “Tangu siku ya kwanza. Nilishika pale na kidole. Mbuzi inatafunaka, haikatake na kisu.”

“Na maharage ya Sebarenzi ukakula?”

“Nilikula. Ulipika muzuri.”

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. “Mwaka muzima,” nikasema. “Kwa nini haukusema?”

“Ulikuwa unachota maji kila siku kwa mumea yangu. Nilikuwa nasikia miguu yako. Ningesema nini?” Akanyoosha mkono mpaka akapata wangu, akanivuta karibu naye. “Nyuki naisikia. Harufu naisikia. Sasa wewe niambie ile ingine.”

Nikayafuta macho yangu kwa kitenge, kwa sababu kwa namna nilivyokuwa nisingeweza kueleza kitu. Miaka mitatu mmea ule ulikuwa uani kwangu, na sikuwahi kuutazama bila hasira au bila hofu. Nikautazama.

“Iko ya mviringo,” nikaanza. “Kila kichwa iko na vichwa vidogo-vidogo ndani. Iko nyeupe, lakini nyeupe yenye inaelekea kijani.”

“Ngapi?”

“Vile vikubwa? Ngoja.” Nikahesabu. “Kumi na moja. Na kingine iko inafunguka.”

“Polepole,” akasema Symphorien. “Anza na ile ya chini.”

Nikaanza na kile cha chini.