Mashine yenye Mioyo Kumi na Minne

Nyumba ya Mama Jokébed kule Mususa haina redio inayolia. Ukiingia na simu inayoimba mfukoni utaambiwa uizime kabla hujapewa kiti. Majirani hutania kwamba hata jogoo wa nyumba ile anawika kwa adabu. Mgeni hudhani mama ana maumivu ya kichwa, au amezidisha ulokole. Aka! Wala si hivyo. Mama Jokébed anasikiliza. Anachambua maharagwe huku anasikiliza, anakunja nguo huku anasikiliza, hata kwenye maombi jicho moja liko kwenye geti la mabati linalotazama barabara. Ukimwambia neno, itabidi ulirudie.

Sasa ndani ya nyumba kama hiyo, binti yake Abigaïl anakula kwa kazi ya sauti na picha. Wewe fikiria! Chumba cha mbele amekifanya studio. Anaunganisha video za ndoa, za kwaya, za matanga, kutwa nzima amevaa casque masikioni. Wateja wakija kukagua kazi yao nao wanavalishwa casque, bwana harusi kwanza, bibi harusi anangoja zamu yake. Wanacheka, lakini wanarudi, kwa sababu mkono wa Abigaïl ni mzuri na hachelewi sana.

Watu hawa walitoka Mbau. Kule Papa Melchior, mume wa Mama Jokébed, alikuwa na moulin ya kusaga mihogo, palepale ubavuni mwa nyumba, na kelele yake ilikuwa ndiyo saa ya mtaa. Alasiri moja watu wakaanza kupita barabarani mbio, wamebeba watoto, wanapiga yowe kwamba wauaji wameingia. Papa hakusikia kitu. Moulin ilikuwa imefunika yowe lote. Ni Mama aliyeingia akamvuta shati. Akatoka, mweupe kwa unga, akatazama barabara, akasema, "Mutangulie. Nazima moulin, nakuja. Nikifika nitapiga muluzi, munifungulie."

Mluzi huo waliujua. Mfupi, mfupi, kisha mrefu unaopanda. Papa Melchior hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwake maisha yake yote. Alikuwa anapiga mluzi tangu njia panda, na atakayefika kwanza kwenye geti anafungua. Abigaïl na mdogo wake Jordy walikuwa wanashindana kwa hilo walipokuwa wadogo.

Basi wakakimbia kupitia mashamba ya kakao, na nyuma yao moulin ikaendelea kulia. Wakavuka kijito, bado inalia. Mama alikuwa anageuka kila hatua, Abigaïl anamvuta mkono. Wakafika mbali kabisa ndipo ikanyamaza, na hakuna aliyejua kama ni mkono wa mtu ulioizima au ni mafuta yaliyoisha.

Papa Melchior hakuonekana tena. Wala mwili, wala kiatu. Wazee wa kanisa wamekuja mara kadhaa kumwambia Mama kwamba imetosha, wamwekee matanga, wamwimbie, mioyo ipumzike. Mama anawapa chai, anawasikiliza vizuri sana, na jibu lake ni lilelile: "Mutu hapana lilia mutu mwenye hajamuona." Wanakunywa chai yao, wanaenda.

Abigaïl yeye alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia mtu. Sauti ya baba yake ilikuwa inamtoka. Uso anao, uko kwenye picha ukutani. Lakini sauti, akijaribu kuisikia kichwani, ilikuwa inakuja ya mtu mwingine, ya mchungaji, ya mteja fulani, mpaka anaogopa kujaribu tena. Na katika simu yake ya zamani kulikuwa na video moja tu, aliyompiga baba akiwa ndani ya moulin. Midomo inasema, mkono unapunga, baba anacheka. Unachosikia ni moulin tu. Huyu anayewaondolea watu kelele za upepo kwenye ndoa zao hakuweza kumtoa baba yake kwenye moulin yake. Lilimla hilo.

Si kwamba hakujaribu. Jordy alimtafutia programu inayotenganisha sauti na sauti, kazi nzito ambayo inakula memori na nguvu yote ya mashine. Laptop ikaanza, ikapata moto, ikajipunguza mwendo kama laptop zinavyofanya zisijiunguze, kisha ikazima. Akaiweka juu ya sahani yenye maji baridi chini yake. Ikazima. Akakatakata ile video vipande vidogovidogo, na kile kipande chenye sauti ya baba hakikukubali.

Ndipo Jordy akaja na lake. Huyu Jordy ni kijana mkubwa, ana kazi ya kutengeneza simu, ana ndevu, na bado akipata mchezo wa mpira wa kompyuta anasahau kula. Siku hiyo alishuka kwenye taxi iliyotoka Beni akiwa amekumbatia sanduku la chuma, zito, jeusi. Ofisi moja kule Mavivi ilikuwa inafunga na kuuza vyombo vyake.

"Yaya Abi, hii haiko kitoto," alimwambia dada yake akihema. "Iko na prosesa ya seva, zile mashine kubwa za bureau. Ile ya laptop yako iko na mioyo ine. Hii iko na kumi na ine!"

Mioyo, ndivyo mafundi wetu wanavyoita vile vipande ndani ya prosesa vinavyofanya kazi kila kimoja peke yake. Abigaïl alilifuta sanduku vumbi, akasoma namba, akacheka.

"Mioyo mingi, mais ni ya kizee. Inapiga pole."

"Utaona."

Wakaona kweli. Jordy, bila aibu, alianza na mpira. Akatia kadi ya picha, maana prosesa ya seva haina picha yake yenyewe, haikuzaliwa kutazamwa. Mchezo ukafunguka, na wachezaji wakakimbia kwa kushtukashtuka, mpira unaruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati. Kwenye laptop mchezo uleule ulikuwa unateleza. Jordy alikodoa macho.

"Mpira unataka moyo moja wa mbio," Abigaïl alimwambia, anajizuia asicheke. "Wewe umeuletea wazee kumi na ine kutoka bureau."

"Cheka tu, yaya. Tupe wazee kazi yao."

Akawapa. Video ya ndoa ambayo laptop ingeimaliza jioni, ile mioyo kumi na minne iligawana vipande na kuimaliza kabla maharagwe ya Mama hayajaiva. Abigaïl hakucheka tena. Alikuwa ameshafika mbali kwa mawazo: kwenye video ya baba. Ni kweli, lile sanduku linakula umeme bila huruma, na courant ikikatika linakufa papo hapo, wakati laptop inaendelea na betri yake bila habari. Lakini nguvu ilikuwepo. Akanyoosha mkono kuchukua simu ya zamani.

Hapo ndipo seva ilipopata moto, feni zake zikaongeza sauti. Ngurumo nzito, ya chini, isiyopumua, ikapita ukutani na kwenye sakafu. Mlango ukafunguka. Mama Jokébed alikuwa amesimama pale na ungo mkononi, na maharagwe yalikuwa yanamwagika bila yeye kuyaona.

"Zimeni moulin," alisema.

"Mama, haiko moulin, ni mashine ya..."

"Zimeni!"

Jordy akaivuta waya ukutani. Mama aliingia chumbani, akatoka na kitenge alichofunga vitu vyake, akaketi karibu na geti. Walipomuuliza anaenda wapi, alijibu Mbau. Nyumba yenye moulin hakai, kwa sababu ndani ya moulin mtu hasikii. Waliomba msamaha mpaka jua likashuka, wakamwonyesha sanduku limefunikwa shuka, ndipo akakifungua kile kitenge. Abigaïl alijilaumu. Alijiambia mama anaogopa, kwamba tangu siku ile anataka kusikia wale watu wakija kabla hawajafika. Nani asingeogopa?

Lakini video ilibaki kwenye simu, na dawa yake iko chini ya shuka. Baada ya siku chache akaenda kwa shemasi Phinées, anayeshika ufunguo wa chumba cha vyombo vya kwaya, akamweleza. Shemasi hakumuuliza maswali. Wakafunga sanduku kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Jordy akasukuma, Abigaïl akashikilia kwa nyuma, watu wa barabarani wakiwapa pole kwa kudhani wamebeba maiti ya mtoto. Hilo halikuwachekesha.

Kanisani, mchana kweupe, seva ikanguruma itakavyo. Abigaïl aliketi mbele yake na kwa mara ya kwanza akaelewa kidogo masikio ya mama yake. Ni moulin kabisa. Ukifumba macho unanusa unga. Mara mbili aligeuka kutazama mlango, na hakumwambia Jordy kwa nini, na Jordy naye alikuwa anatazama mlango. Mioyo kumi na minne ilifanya kazi, ikitoa moulin kwa msaada wa moulin, kisha mstari kwenye kioo ukafika mwisho. Akavaa casque.

"Abi, acha picha," alisema baba yake. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyokumbuka, na ya kijana zaidi. "Uambie Mama niko nakuja, asiondoe chakula ku moto." Akacheka. Kisha, huku anageukia mashine yake, akapiga mluzi. Mfupi, mfupi, mrefu unaopanda.

Abigaïl alilia mpaka casque ikateleza shingoni. Jordy naye akasikiliza, akatoka nje, akakaa huko kitambo akimpa mgongo kila mtu.

Njiani walikubaliana: Mama asisikilizishwe kwa kushtukizwa. Abigaïl atamketisha kwanza, ataongea naye pole pole. Video ikawekwa kwenye laptop, ile isiyo na kelele, na seva ikaachwa kanisani. Mpango mzuri. Ila Jordy ni Jordy. Walipofika, Abigaïl akiwa jikoni anamtengea Mama chai, kijana alifungua laptop chumba cha mbele ahakikishe haikuharibika njiani, na casque ilikuwa kwenye mkoba wa dada yake.

Mluzi ukatoka dirishani, safi, ukapita uani.

Mama Jokébed alikuwa anaanika nguo. Aliiacha ile nguo ikaanguka. Hakukimbia. Alijifuta mikono, akasawazisha kitambaa cha kichwa, akatembea mpaka kwenye geti, akatoa komeo, akalifungua lote, mabati yote mawili, mpaka yakagonga ukuta.

Barabarani alipita mtu na mbuzi wake. Akasalimia.

"Mama!" Abigaïl alifika mbio, chai imemwunguza mkono. "Mama, samehe, Mama. Ni mashine. Ni Jordy, ni ile video..."

"Najua ni mashine." Hakugeuka. "Mutu akipiga muluzi ku nyumba yake, anafunguliwa. Basi." Kisha akauliza, "Mbona nimemusikia yeye tu? Moulin iko wapi?"

"Tumeitoa, Mama. Tumeitoa ndani ya sauti."

"Munirudilie."

Jordy akaleta laptop mikononi, uso umemshuka. Wakairudia palepale getini. Abi, acha picha. Uambie Mama niko nakuja. Asiondoe chakula. Mluzi. Na nyuma yake, mahali palipokuwa na moulin, palikuwa kimya.

"Munazania naogopa bale batu," Mama alisema. "Mimi siogope mutu tena. Ile siku tulikimbia moulin ilikuwa inalia, nikajua hajazima, hajatoka. Toka siku ile iko inalia mu masikio yangu. Nilitaka kimya, muluzi wake usinipite." Aliweka kiganja juu ya laptop, iliyokuwa vuguvugu. "Leo imezimwa."

"Imezimwa, Mama."

"Donc amemaliza kazi. Muluzi wake umelia, nimefungua. Hakuna mwenye atakuja."

Akaketi chini, kwenye udongo wa geti, akapiga yowe. Yowe la mjane, refu, lile alilokuwa amelizuia kwa miaka. Mususa yote inalijua yowe la namna hiyo, na hakuna aliyehitaji kutumiwa habari. Majirani walianza kutoka na viti vyao kichwani, wengine na kuni, mmoja na sufuria. Shemasi Phinées alifika akitembea haraka. Kufikia jioni ua ulikuwa umejaa na kwaya ilikuwa inaimba, kwa sauti, katika nyumba ile.

Siku ya tatu ya matanga, Mama mwenyewe alimwambia Jordy alirudishe sanduku. Watu walitaka video ya marehemu, na laptop ingechelewa. Likawekwa chumba cha mbele, likawashwa, feni zikashika kasi, ngurumo ikajaa nyumba. Abigaïl alimtazama mama yake. Mama Jokébed alikuwa amelala usingizi kwenye mkeka kati ya wanawake, mdomo wazi kidogo, ngurumo yote ile inampita.

Abigaïl aliweka picha ya kwanza, akaweka ya pili. Akasimamisha kazi, akavua casque, akasikiliza. Akaanza tena. Akasimamisha tena. Mwishowe alimwachia Jordy kiti, akatoka, akaenda kukaa karibu na geti, mbali na ile mashine, mahali ambapo mtu anaweza kusikia mluzi.