Mche wa Mgeni Rasmi Haukuwa na Mizizi

Hili jambo nimelinyamazia karibu mwaka mzima, na hata sasa nalisimulia kwa sababu watu wa Ujiji wameshalisimulia wenyewe, tena kwa kutia chumvi nyingi, mpaka juzi muuza mihogo mmoja pale sokoni akaniuliza kama ni kweli nilipanda fagio mbele ya mgeni rasmi. Sikupanda fagio. Nilipanda matawi ya mpera, jambo ambalo nikilifikiria vizuri halina nafuu kubwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, nilikuwa nawafundisha vijana ishirini wa hapa kwetu elimu ya mazingira ili wawe viongozi wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi mitaani kwao. Tulipima mvua kwa chupa tulizozikata wenyewe, tukaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuzungumza na akina mama wanaobanika samaki kuhusu kuni wanazotumia, tukatembea kando ya ziwa kuangalia kuta za nyumba zilizoliwa na maji yalipopanda. Na kila Jumamosi (mnicheke tu) niliwaambia kwamba kiongozi husema kilicho kweli hata mbele ya mkubwa. Aliyelishika hilo kuliko wote ni Riziki, binti wa miaka kumi na saba ambaye babu yake alihamia huku kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, msichana mpole, haongei sana, lakini akishaamini kitu humtoi hapo.

Siku ya kufunga mafunzo tukapanga kupanda mizambarau ufukweni, vijana wachimbe mashimo, na mgeni rasmi, bwana mmoja mwenye cheo kutoka Kigoma mjini, apande mche wa kwanza. Miche ilikuwa Simbo kwenye kitalu cha Mzee Bukuru, na jana yake alasiri akanipigia simu kuniuliza, "Mwalimu, nilete leo au kesho?" Nikamwambia kesho asubuhi, maana nilitaka miche ifike ikiwa mibichi, majani yanang'aa, picha zitoke vizuri. Kwa ajili ya picha. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Asubuhi ikashuka mvua ambayo chupa zetu hazikuweza kuipima, zilijaa zikamwagika. Saa mbili simu ikalia, Mzee Bukuru, "Mwakeye, mwalimu," salamu ya Kiha taratibu kabisa, akaniuliza nimeamkaje, mama hajambo, shuleni kwema, na mimi roho iko juu, ndipo akasema guta lililobeba miche limezama kwenye tope. Nikamuuliza watafika saa ngapi. "Tuko njiani, mwalimu." Mtu amekwama hata hatua moja hasogei, anakwambia yuko njiani.

Nikajipa moyo kwamba mgeni rasmi wa saa nne kwa kawaida hufika saa sita. Huyu wetu saa tatu na nusu anashuka garini, suruali ameikunja, ana viatu vya mvua kabisa. Sijui nani alimlea.

Basi, mgeni akiwa bado anasalimiana na wazee wa mtaa, nikafanya nilichofanya. Hatua chache kutoka ufukweni ni kwa jirani yangu Bi Tatu, ana mpera wake uani na yeye alikuwa ameenda sokoni, nikachukua panga la vijana nikasema nakata tawi moja tu, la mgeni, mengine yatasubiri. Nikalichomeka kwenye shimo, likaonekana pweke. Nikarudi nikakata manne mengine. Nikayapaka tope chini, nikarudi nyuma kidogo kuyatazama, na naapa yalionekana kama miche.

"Mwalimu," Riziki akasema nyuma yangu, "hayo ni matawi."

"Ni ya muda tu. Mgeni akiondoka tunaweka miche yenyewe. Wewe nyamaza."

"Akiniuliza je?"

"Hawezi kukuuliza wewe."

Akamuuliza yeye. Amuulize nani mwingine, wakati ndiye mwenyekiti wa vijana na ndiye aliyeshika ndoo ya kumwagilia? Mgeni alichuchumaa, akalifukia tawi langu kwa mikono miwili, akamwagia maji, kisha akainuka na kipaza sauti, "Haya kiongozi, tuambie, mti huu utachukua muda gani mpaka utupe kivuli?"

Riziki akaniangalia. Nikatikisa kichwa, kidogo, asione mtu mwingine. Akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Huu hautatupa kivuli, mheshimiwa. Ni tawi. Halina mizizi."

Na mimi, badala ya kuishia hapo na aibu yangu ikiwa bado ndogo, nikamnyang'anya mtoto wa watu kipaza sauti nikatangaza kwamba hiyo ni njia ya kisasa ya kupanda mizambarau. Mgeni akainama, akalishika tawi kwa vidole viwili, likatoka lote bila kusumbua, na kati ya majani lilikuwa linaning'inia pera changa, la kijani, ambalo mimi na haraka zangu sikuliona.

"Na mizambarau ya kisasa inazaa mapera?" akauliza.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kicheko hakijaisha, Bi Tatu huyo anatoka sokoni na kikapu chake, akayatazama matawi, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu wa mazingira, umekata mpera wangu?" Nyuma yake guta likaingia linapiga honi, miche imejaa, Mzee Bukuru ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. "Si nilikwambia tuko njiani," akasema.

Mgeni hakukasirika, na bora angekasirika. Alinivuta pembeni akaniambia polepole, "Huyu binti umemfundisha vizuri. Sasa wewe tukutafutie mwalimu gani?" Kisha akarudi kupanda mche wa kweli, Riziki akimwonyesha kina cha shimo, na mimi nikishikilia mifuko ya plastiki iliyovuliwa kwenye miche, maana sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wote ishirini nikawaomba radhi. Nilitarajia waniambie yameisha. Wakatawanyika tu. Riziki akabaki.

"Mwalimu, umenikasirikia?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Kidogo."

"Mimi pia," akasema. "Uliniambia ninyamaze."

Nikamwambia niliogopa. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akachukua ndoo akaenda kumwagilia, na baada ya muda nikachukua yangu nikamfuata. Nimeapa tangu siku ile: kisichokuwepo nitasema hakipo, hata kama mgeni ameshashuka garini na kipaza sauti kimewashwa, na sitamwomba tena kijana yeyote aufunge mdomo ambao mimi mwenyewe nilihangaika miezi mitatu kuufungua.