Ubeti wa Tatu: Kutoka Ziwani Hadi Komarock

Usiku wa kuamkia Jumapili ile sikupata usingizi kwa sababu ya ubeti wa tatu. Nikilalia ubavu wa kushoto niliamua kuutafsiri kama ulivyo. Nikigeukia wa kulia niliamua kudanganya. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeandika karatasi tatu: moja ya ukweli, moja ya uongo, na moja ya katikati ambayo nilipoisoma tena hata mimi mwenyewe sikuielewa.

Nyinyi mlioko nyumbani Bungoma mmeisikia habari hii vipande vipande kwenye simu, na najua kila mtu ameongeza chumvi yake. Acheni niwasimulie ilivyokuwa, maana nilikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Anko Barasa ni mume wa shangazi yangu Rispa. Nimeishi kwao mtaa wa Ziwani, Nairobi, tangu nianze chuo kikuu. Nimemaliza, nina digrii ya lugha, na bado niko. Anko alifanya kazi kwenye karakana ya reli mpaka akastaafu, lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia ni mwimbaji wa muziki wa kantri. Anaimba habari za farasi, za gari moshi na za mwanamume aliyeachwa. Hajawahi kupanda farasi. Gari moshi lilimfikisha mpakani Malaba, akateremka, akarudi. Kofia yake pana ni ya mitumba ya soko la Gikomba, na buti zake ni za kike. Zipu iko upande wa ndani wa mguu, na anaamini haionekani.

Wimbo wake mkubwa aliutunga mwenyewe kwa Kiingereza. Ameuimba kwenye harusi, kwenye matanga, na Jumapili moja asubuhi aliuimba redioni. Korasi yake inamwomba Bwana amrudishe nyumbani, basi watu wa mitaa yetu ya Eastlands wameuhesabu kuwa wimbo wa dini. Ikifika korasi, mikono inapanda juu. Maneno mengine anayapitisha puani kwa lafudhi ya ng'ambo, na hakuna aliyewahi kumuuliza yanasema nini. Hata mimi na digrii yangu.

Kisha Jumatano shangazi akanipigia simu. Tangu afanyiwe upasuaji wa goti alikuwa akikaa Komarock kwa binti yake Mercy, na kanisa la huko lilikuwa limemwandalia ibada ya shukrani.

"Nekesa, mzee ataimba ule wimbo wangu. Wewe utasimama kando yake utafsiri, kama wanavyowafanyia wahubiri wageni."

"Senge, si watu wote wanaujua?" Senge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu.

"Wanaujua wapi? Nimelia na huo wimbo tangu Mercy akiwa mgongoni. Sasa nataka kujua nilikuwa nalilia nini."

Nilimwomba Anko aniandikie maneno. Aliandika ubeti wa kwanza, wa pili na korasi. Mahali pa ubeti wa tatu aliandika "na kadhalika." Nikasikiliza rekodi ya wimbo kwenye simu mara kumi na moja, nikausikia. Unasema: mpenzi wangu, ile cherehani yako haikuibwa. Ni mimi niliyeiuza, nikanunua gitaa hili ninalokupigia.

Habari ya cherehani hiyo kila mtu kwetu anaijua. Shangazi alikuwa akishonea watoto wa Ziwani sare za shule. Cherehani ilipopotea, akaenda kufunga biskuti kiwandani, akisimama kutwa, miaka mingi, hadi magoti yakakataa. Na kwa kuwa mtoto wa Mama Akinyi, jirani ambaye mlango wake unatazamana na wetu, alionekana kwenye ngazi siku ile, shangazi hajamsalimia Mama Akinyi tangu wakati huo. Wanakutana bombani kila asubuhi, kila mmoja anatazama ndoo yake.

Kwa hiyo nikitafsiri, nitaivunja ndoa ya shangazi siku yake ya shukrani. Nisipotafsiri, nitamdanganya kanisani mwanamke aliyenilisha miaka mitano.

Saa mbili asubuhi, Ziwani. Tuliondoka kwa pikapu ya jirani anayeuza kabichi. Anko alikaa mbele na dereva. Kofia haikutosha ndani na kichwa chake kwa pamoja, basi nilipewa niishike nyuma, nilikokuwa nimekaa na spika, gitaa na majani ya kabichi ya jana. Karatasi ya ukweli ilikuwa mfuko wa kulia, ya uongo mfuko wa kushoto. Ile ya katikati niliificha kwenye soksi, sijui kwa nini.

Mama Akinyi alikuwa nje akifagia. "Safari njema," aliniambia. "Mwambie..." Akaendelea kufagia.

Kabla hatujafika Juja Road niligonga kioo kidogo kilicho nyuma ya kichwa cha Anko. Akakifungua.

"Anko, shangazi anajua ubeti wa tatu unasema nini?"

"Rispa anapenda korasi."

"Lakini leo anataka nitafsiri wote."

"Ona pale," alisema, akinyoosha kidole kwenye ghorofa moja. "Hapo palikuwa na baa. Niliimba hapo kila Ijumaa, watu wakakataa kwenda nyumbani. Mwenye baa akanifukuza, ati nawaliza mpaka hawanunui." Akafunga kioo.

Ndivyo tulivyoipita Juja Road yote. Kila nilipogonga, nilionyeshwa mahali alipowahi kuimba: bucha iliyompa ini badala ya malipo, ukumbi ambao umeme ulipotea akaimba gizani na watu wakadhani ni sehemu ya wimbo, uwanja alikoimba kwenye matanga ya fundi wa viatu akaombwa arudie mara nne. Nilimaliza safari nikiijua kazi yake yote, na ubeti wa tatu haukuguswa.

Saa tatu kasoro, Dandora. Moshi wa jaa la taka ulitukaribisha kabla ya watu. Korongo walikuwa wamesimama kwenye paa kama wazee wa kanisa wanaongoja mkutano uanze. Tulikuja kumchukua Njoroge, ambaye amekuwa akimwimbia Anko sauti ya pili maisha yake yote. Nje ya nyumba yake kuna chumba cha kurekodia muziki, na vijana waliokuwa mlangoni waliona buti.

"Niaje, cowboy! Farasi umepaki wapi?"

"Iko sevisi," Anko akajibu bila kugeuka.

"Na hizo buti ni za mathako?"

Aliposikia buti zake zikiitwa za mama yake, Anko aliharakisha kuingia chooni, au alisema ndiko anakokwenda. Nikabaki na Njoroge, mzee mwembamba aliyevaa tai ya kamba. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: digrii, madhabahu, ndoa, Mama Akinyi, soksi.

"Unajua nani alibeba miguu ya hiyo cherehani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mimi. Yeye alibeba kichwa. Nimekuwa sauti ya pili tangu siku hiyo." Alicheka, kisha akaacha. "Kila mara tukiimba na Rispa yuko, Barasa ananiambia, Njoro, leo namwambia. Na kweli anamwambia. Kwa Kiingereza."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni sauti ya pili, msichana. Mimi hufuata."

Saa nne na nusu, Komarock. Kutoka Dandora nilikuwa nimejiuliza maswali mengi sana, mojawapo likiwa kama mtu anaweza kuteguka mguu kwa hiari. Tulikuta kanisa la mabati limejaa. Shangazi alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kitambaa cheupe, goti limenyooshwa juu ya stuli. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Mbona umekonda? Umekula?"

"Nimekula, Senge."

"Uongo. Haya, simama karibu na maikrofoni. Na usitafsiri kama mtu anayesoma habari. Weka mwili."

Wakaanza. Ubeti wa kwanza: gari moshi linaondoka, mwanamume amebaki stesheni. Nikatafsiri, nikaweka mwili. Nilipunga mkono kwa gari moshi. Akina mama wakapiga vigelegele. Ubeti wa pili: mama yake anamwombea. Nikapiga magoti. Mchungaji akasema amina. Korasi ilipofika, kanisa lote lilisimama, na shangazi, ambaye hakuruhusiwa kusimama, aliinua mikono akiwa ameketi, machozi yakimtiririka.

Anko akauimba ubeti wa tatu. Aliuimba wote, taratibu, kisha akabaki akigusa nyuzi tu huku akiningoja.

Mkono wangu ulikwenda mfuko wa kushoto. Karatasi ya uongo ilisema: niliuza kiburi changu nikanunua wokovu. Ilikuwa tafsiri nzuri. Mchungaji angeipenda. Nikamtazama Anko ili anipe ruhusa, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona hata mezani. Alikuwa amevua kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo, na nywele zilikuwa zimelala upande mmoja kama za mtoto aliyeamshwa.

Nikatoa ya kulia.

"Mpenzi wangu," nikasoma, "ile cherehani yako haikuibwa. Niliiuza mimi. Ulikaa sakafuni ukilia, na kitambaa cha sare kilikuwa bado hakijaisha kushonwa. Nikakuambia ni wezi. Gitaa hili ninalokupigia ndiyo cherehani yako."

Mtu mmoja nyuma alisema amina, akanyamazishwa.

Shangazi alishusha mikono. Aliichukua leso, akafuta machozi yote kwa uangalifu, kama mtu anayefuta meza kabla ya kazi.

"Nekesa. Muulize huyo mwanamuziki aliiuza wapi."

Sisi watatu huongea Kibukusu nyumbani. Lakini nilikuwa kazini, nikageuka nikamuuliza Anko kwa Kiingereza. Naye akajibu kwa Kiingereza, kupitia puani.

"Anasema Gikomba, kwa fundi mmoja."

"Muulize, aliiuza na kitambaa cha watoto wa watu au alikiacha?"

"Anasema na kitambaa. Kilikuwa kimeshikwa na sindano."

Kicheko kilianzia kwaya. Shangazi hakucheka.

"Muulize kama kofia nayo ni yangu."

Anko aliitazama kofia yake.

"Anasema kofia ni ya chenji."

Mchungaji alinyanyuka. "Ndugu zangu, labda tufunge kwa maombi..."

"Pasta, kaa," shangazi alisema. "Bado tuko kwenye wimbo." Kisha sauti yake ikateremka. "Miaka yote hiyo sijamsalimia Mama Akinyi. Alifiwa na mumewe, nikapita mlangoni kama mtu asiye na masikio. Mwambie hivyo."

Nilifungua mdomo, Kiingereza hakikutoka. Anko alikuwa amekwishasikia. Njoroge alikuwa ameshika gitaa lake la besi kama mtu aliyeshika mzigo wa wizi, na kwa kweli aliwahi kuushika.

Saa nane mchana tulikula kwa Mercy. Nilitarajia shangazi akatae chakula, au amkatalie Anko. Alimpakulia. Alimpa shingo ya kuku, ambayo kwetu si heshima kwa mzee, na Anko akaitafuna yote bila kuinua macho. Mercy alininong'oneza jikoni, "Wewe nawe, si ungeruka hiyo ubeti tu?" Nilihisi njaa, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu Jumatano.

Saa kumi jioni, kurudi. Shangazi alitangaza kwamba anarudi kwake siku hiyohiyo, na goti litajua lenyewe. Alikaa mbele na dereva. Anko alikaa nyuma nami, spika katikati yetu. Tulipomteremsha Njoroge Dandora, alimshika Anko bega, akamwambia, "Kiswahili, Barasa. Haikuwa ngumu hivyo." Kuanzia hapo Anko hakunionyesha baa wala bucha yoyote. Upepo wa Juja Road ulikuwa mkali, akanipa kofia niishike.

Njiani nilitoa karatasi ya uongo na ile ya soksi, nikazisoma. Nilikuwa nimefikiria kila mahali ubeti ule ungeweza kuvunjika, isipokuwa mahali palipokuwa pamevunjika tayari, pale bombani, kila asubuhi, mbele ya macho yangu. Digrii ya lugha, na sikuwahi kuusoma ukimya wa wanawake wawili wenye ndoo.

Saa kumi na mbili kasoro, Ziwani. Shangazi aliteremka akishikilia mlango wa pikapu. Hakwenda kwake. Alipanda ngazi moja moja, akabisha mlango unaotazamana na wetu. Anko alikuwa nyuma yake na gitaa, kwa sababu aliambiwa alilete.

Mama Akinyi alifungua. Alimtazama shangazi, akatazama goti, akarudi ndani, akatoka na kiti.

"Keti, Rispa. Kwanza keti."

Shangazi aliketi. "Huyu ana wimbo," alisema. "Ametuimbia nusu tu."

Anko akakohoa, akagusa nyuzi, akaanza kwa Kiingereza.

"Kiswahili," shangazi alisema.

Akaacha. Akageuka kunitafuta kwa macho, na nilijua maneno yote; yalikuwa bado mfuko wa kulia. Mama Akinyi naye akanitazama. Niliona mambo kumi na manne ambayo yangeweza kuharibika.

Nikaivaa kofia ya Anko, nikaivuta mpaka ikanifunika macho, nikaketi kwenye ngazi.

Kisha nilimsikia akianza kwa Kiswahili, kwa sauti isiyopita puani.