Nesi wa Chumba cha Mwisho

Nesi wa chumba cha mwisho hamgusi mtu bila kuomba. Wenzake humtania kwamba hata kitanda hukipigia hodi kabla ya kukitandika, naye hucheka tu, akisugua viganja vipate joto. Asubuhi moja aliletewa binti aliyebakwa.

“Nikuangalie shingo, mwanangu?”

“Hapana.”

Mikono ya nesi ikarudi mapajani papo hapo. Binti akaitazama kwa muda mrefu.

“Hata yeye nilimwambia hapana.”

“Na alikusikia. Kosa ni lake, mwanangu, si lako. Humu ndani, ukikataa umekataa.”

Binti akafungua mtandio mwenyewe, akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha.

“Haya, angalia.”

Nesi akamwonea fahari. Akasugua viganja upya, ndipo akamgusa.