Mtungi wa Mama

Kwa miaka mingi mama yangu alipeleka maziwa kwa mguu, kutoka nyumbani kwetu nje ya Njoro hadi kituo cha kukusanyia, mtungi mkononi, kilima baada ya kilima. Mimi nilikuwa nafundisha wanariadha wa mbio ndefu kwenye barabara iyo hiyo. Niliwaambia kila siku kwamba misuli ikifanya kazi hula sukari iliyo kwenye damu, na anayekaa tu, sukari humkalia. Niliyasema kwa mbwembwe, saa ya kupimia ikining'inia shingoni.

Watu wakaanza kunicheka. Kwetu, mwana akishapata kazi, mama hashiki mtungi tena. Akionekana nao, aibu ni ya mwana. Nikamtafutia mtu wa bodaboda awe anabeba maziwa kila asubuhi. Nilijiona mwana mwema, mpumbavu mimi.

Wiki ya pili, nikiwapima wanariadha kilimani, nilimwona anakuja na mtungi wake.

"Mama, si nilikwambia boda itabeba?"

"Imebeba. Haka kadogo nimejibakishia. Miguu imezoea."

"Unaniaibisha. Rudi nyumbani ukae."

Mwanariadha mmoja akasema, "Lakini coach, mathe anatembea poa. Muache tu."

Nikamkazia macho. Nikasimamisha pikipiki, nikampandisha mama mwenyewe. Aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akaondoka bila kugeuka.

Tangu siku hiyo alikaa barazani na chai yake ya maziwa na sukari, na kila mgeni alimwongezea kikombe. Akanenepa. Majirani wakanisifu kwamba namtunza, nami nikafurahi! Ugonjwa wa sukari ulipogunduliwa, kidonda kwenye kidole chake cha mguu kilikuwa kimeenda mbali. Mwaka jana alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti.

Sisemi kutembea kungemkinga kabisa. Mwili una mambo yake. Lakini nilijua nilichokuwa nakifundisha, na bado nikaogopa vicheko vya watu. Majuto ni mjukuu, na wangu hanibanduki.

Siku hizi namsukuma jioni kwenye kiti cha magurudumu. Jana kilima kilinishinda katikati, nikasimama nikihema. Akanishika mkono.

"Pumzika, baba," akasema. "Hapa mimi nilikuwa nabadilisha mkono wa mtungi tu, naendelea."