Maji Meupe ya Fundi Chupa

Kwa miaka kumi na tisa alichota maji asiyoyanywa. Barua ya ajira ilimwita mchukua sampuli. Mtaani walimwita Fundi Chupa, naye aliitika. Kila mwezi alivizungukia visima kumi na kimoja vilivyochimbwa kandokando ya mlima wa mabaki ya mgodi wa urani. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa zamani. Wenye mali waliondoka na mali, wakaacha mlima.

Mlima haukuwa na haraka. Mvua iliunyeshea, ikapenya, ikatokea chini imebeba urani na kuanza safari ndani ya ardhi, hatua chache kwa mwaka, kimyakimya, kama mgeni ambaye ana hakika atafunguliwa mlango. Visima viliwekwa njiani ili ijulikane mgeni kafika wapi. Wa kujua hayo alikuwa yeye.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla ya kujaza chupa alipampu kwanza maji yaliyolala kisimani, akihesabu ndoo moja moja, kisha akaisuuza chupa mara tatu. Mkewe alikuwa akisema, "Laiti na mimi ningekuwa chupa."

Tatizo lilikuwa rangi. Maji yalitoka kisimani meupe, lakini yakikutana na hewa chuma kilichomo kiligeuka kutu kabla hata hajafika maabara. Mwaka wake wa kwanza, mpimaji wa wakati ule aliinua chupa dirishani na kupaza sauti, ofisi nzima ikisikia: "Wewe, umeleta maji au chai ya maziwa? Mashine hii haili matope!" Watu walicheka mpaka wakashika meza. Yeye hakucheka.

Tangu mwezi ule akawa anaziacha chupa stoo siku mbili, uchafu uzame. Kisha aliyamimina yale maji ya juu kwenye chupa mpya, mkono wake umetulia kama wa mtu anayebeba mtoto aliyelala. Matope aliyamwaga nyuma ya stoo. Mpimaji akafurahi, mashine ikafurahi, na kila mwezi majibu yakasema urani karibu hakuna. Ofisi ilimpa barua ya pongezi kwa usafi wa sampuli.

Miaka sita iliyopita binti yake na mumewe walitafuta kiwanja. Vya bei nafuu vilikuwa bondeni, mbele kidogo ya kisima cha kumi na moja.

"Baba, maji ya huko vipi?"

"Nimeyapima mwenyewe. Jengeni."

Wakajenga, wakachimba kisima cha pampu ya mkono. Nyumba kumi na mbili zikawafuata, zote kwa neno hilohilo la Fundi Chupa.

Mpimaji yule alistaafu, akaja mwingine, dada mmoja wa rika la binti yake. Alizipanga chupa mezani kwa mstari, akaziinua moja moja dirishani.

"Shikamoo mzee wangu. Mbona haya ni meupe? Chuma chake kiko wapi?"

"Kimebaki chini."

"Chini wapi?"

Akamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Dada akaweka kalamu mezani.

"Baba, ile kutu ikizama inazama na urani. Umekuwa ukituletea maji baada ya kuyasafisha. Asidi hawakukupa? Matone mawili, palepale kisimani, ndipo kila kitu kibaki ndani ya maji."

Walimpa. Kila mwaka kichupa kimoja, kimechorwa fuvu la kichwa. Yeye aliona ni dawa ya kuzibulia bomba la stoo, na kwa kweli bomba la stoo halikuwahi kuziba.

Safari iliyofuata alitia matone. Majibu ya kisima cha kumi na moja yakawa mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Matope ya nyuma ya stoo mashine ilikataa kuyasoma mpaka yazimuliwe kwanza kwa maji, kwa wingi wa urani. Kesho yake alileta chupa nyingine, maji yake meupe kama kioo.

"Hii namba ngapi?"

"Haina namba. Ni ya mwanangu."

Dada alipima mara mbili. "Mara tano ya kiwango. Huko chuma kimeshabaki mchangani njiani, urani ikaendelea peke yake. Hakuna kutu ya kuwashtua."

Bosi aliyasoma majibu akiwa amesimama. "Tutaandika kwamba kuanzia mwezi huu mbinu za kazi zimeboreshwa. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi. Ya nyuma tusiyafukue. Unastaafu mwakani mzee, usijitie kitanzi."

"Na wanaokunywa?"

"Tumeunda kamati."

Kamati ingekaa mwisho wa mwezi unaofuata.

Jumamosi asubuhi alimkuta binti yake kisimani, ndoo imeshajaa, foleni nyuma yake. Hakusalimia mtu. Alitoa spana, akafungua nati, akaung'oa mkono wa pampu na kuukalia.

"Baba! Unaumwa?"

"Msinywe haya maji. Yana urani. Msipikie. Kuchemsha hakusaidii."

"Nani kasema?" aliuliza jirani mmoja, dereva wa lori.

"Mimi."

"Na aliyesema ni salama?"

"Mimi."

"Sasa tumsikilize yupi?"

Foleni ikaangua kicheko. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Fundi Chupa wa zamani alikuwa na vipimo vya miaka kumi na tisa, vyote vimepigwa mhuri. Huyu wa leo alikuwa na asubuhi moja na spana. Isitoshe, yule wa zamani alikuwa akiwaacha watu wabaki kwao.

Binti hakucheka. Alimjua baba yake anapotania, na huyu hakuwa anatania.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Binti akamtazama mwanawe wa miaka mitano aliyekuwa akichezea kopo. Kisha akaiinamisha ndoo, maji yakaenda yote chini.

"Hasara tupu," alisema mwanamke aliyemfuata.

Dereva alikwishakwenda lorini mwake, na sasa alikuwa akirudi na kipande cha bomba. Alikijaribu kwenye pampu, kikaingia kana kwamba kilipimwa. Yule mwanamke akasogeza ndoo yake mahali ilipokuwa ya binti, dereva akasukuma mara tatu, na maji yakatoka, meupe kabisa.