Waliponililia Nikiwa Hai

Naikumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili ile watu wa kwetu walipokuja kunililia mimi mwenyewe nimeketi kwenye kigoda, nakunywa chai.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku jijini, mtaa wa Makadara, kwa shangazi yangu Mama Nekesa. Nilikuwa nimetoka nyumbani, huko magharibi ya nchi, na shule yangu niliyoiachia njiani na viatu vya kaka vilivyonibana. Viatu hivyo vina hadithi yake, tuviache. Kila siku nazunguka mageti ya viwandani, kila siku nafukuzwa. Shangazi alikuwa na wanawe na mimi chumba kimoja, basi tukakubaliana: nikikosa kazi wiki hiyo, Jumatatu narudi. Kurudi wapi sasa? Shamba la baba lilikuwa limegawanywa mpaka limebaki kama mkeka.

Watu wa kwetu waliokuwa Eastlands, upande huo wa jiji, walikuwa na chama, na kazi yake ilikuwa moja tu: mtu akifa, apelekwe nyumbani azikwe. Na waliijua kazi hiyo! Habari ikitoka asubuhi, jioni kamati imeketi, lori limepatikana, wapishi wamejulikana, hata wa kuanzisha nyimbo. Sijaona serikali inayokwenda hivyo.

Jumapili ikafika sina kazi, shangazi akatuma habari mpaka mitaa ya Muthurwa na Eastleigh: njooni haraka, kuna jambo. Hakusema jambo gani.

Wakaja. Mmoja aliingia na ovaroli ya kazini. Mama mmoja muuza mboga alianza kilio tangu mlangoni, kilio cha nguvu, majirani wakatoka nje.

"Ni nani, Mama Nekesa? Nani ametuacha?"

Shangazi akaninyooshea kidole. "Ni huyu."

Yule mama akanyamaza. Akanitazama. "Si huyu anakunywa chai?"

"Anakunywa. Kesho nampandisha basi. Akifika kule atakaa bure, ataingia kwenye pombe ya chang'aa, atakufa, halafu nyinyi mtakuja na lori. Mimi nimewaita mapema."

Wengine walicheka. Mzee Simiyu hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa shule za bweni.

"Mama, msiba si mchezo."

"Sichezi, mzee. Maiti mnajua kumbeba. Mzima je, nani ambebe?"

Mzee Simiyu akanigeukia. "Kijana, unajua kazi gani?"

"Kulima, mzee."

"Lete mikono." Akaigeuza, akaibonyeza viganja. "Kesho njoo karakana. Chakula utapata. Ukileta uvivu, nakurudisha kwa shangazi yako."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kukata bati, ingawa nilianza kwa kukata vidole. Na watu wa chama waliona haya, haya nzuri: kila mwenye ufundi akakubali kuita kijana mmoja kutoka nyumbani amfundishe.

Shangazi bado hakutosheka. Mwaka uliofuata akataka vijana wenyewe tuongoze mkutano wa chama, nikasukumwa mbele. Nikaanza hotuba, nikaisahau katikati. Vijana wa mtaa kule nyuma wakaanza salamu zao, "Niaje, marehemu! Si uongee!" Watu wakavunjika mbavu. Mzee Simiyu angeweza kukirudia kiti chake. Akabaki kwenye benchi, akasema, "Mwacheni. Akikosea, si tuko hapa?"

Nilikosea, nikasahihishwa, nikaendelea. Mkutano huohuo ndio uliokubali kumleta Nafula, binti wa kwetu aliyetaka kujua kushona. Leo Nafula ana cherehani zake kijijini, na wasichana anaowafundisha wanajaa mpaka barazani.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Ukiwa huna kazi, usione aibu kusema mbele ya watu wako. Ukipata wa kukufundisha, vumilia kukemewa. Ukishaujua ufundi, ita mwingine kutoka nyumbani wakati bado ana nguvu na hamu. Na ukiwa kiongozi, mpe kijana kiti wewe mwenyewe ukiwa hai, ukae karibu umrekebishe. Uongozi haufundishwi kwa kutazama migongo ya wazee.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe kazi ya kukulisha wewe na nyumba yako, na mlango wako usikose mtoto wa kijijini aliyekuja kujifunza kwako. Amina.